Chembe Isiyovutwa Wala Kusukumwa

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa fizikia wa shule za upili za pwani

Bwana mwenyekiti, mwalimu mkuu mwenyeji wetu, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanangu wa kidato cha tatu na cha nne: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumzie chembe zilizomo ndani ya atomi. Ningeweza kuzipanga zote kwa orodha, mkarudi nyumbani na majina mengi mdomoni. Nimeona afadhali nichague moja, nyutroni, na zile nyingine tutakutana nazo njiani. Nimeichagua kwa sababu darasani ndiyo inayopitwa haraka kuliko zote. Mwanafunzi huambiwa elektroni ina chaji hasi, protoni ina chaji chanya, nyutroni haina chaji, kisha ubao unafutwa. Akitoka hapo hudhani nyutroni imewekwa ndani ya kiini ili kuongeza uzito tu. Mimi nasema huko kukosa chaji ndiko kunakoipa nyutroni kazi yake yote, na ninyi na mimi tusingekuwapo hapa bila kazi hiyo.

Tuanze na vipimo, maana fizikia bila vipimo ni porojo. Elektroni ndiyo nyepesi. Protoni ina tungamo mara 1,836 la elektroni, na nyutroni mara 1,839 hivi. Kwa vitu vidogo kiasi hiki kilogramu haitufai, kwa hiyo wanafizikia hupima tungamo kwa nishati, kwa kipimo cha elektronivolti milioni moja, ambacho huandikwa MeV. Elektroni ni MeV 0.511. Protoni ni 938.272. Nyutroni ni 939.565. Toeni ya pili kwenye ya tatu, mtapata 1.293. Nawaomba muiandike namba hiyo pembeni mwa daftari, kwa sababu nitairudia.

Protoni na nyutroni hukaa kwenye kiini, na elektroni hukaa nje. Kiini ni kidogo kuliko atomi yenyewe kwa zaidi ya mara 10,000, lakini kimebeba zaidi ya asilimia 99.9 ya tungamo lake lote. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua hii ni elementi gani: zikiwa 79 ni dhahabu, na hakuna mjadala. Idadi ya nyutroni huweza kupungua au kuzidi bila jina la elementi kubadilika, na hapo ndipo tunapopata isotopu.

Sasa, elektroni ilijulikana mwaka 1897 na protoni mwaka 1919. Nyutroni ilingoja hadi 1932. Ilikuwa wapi muda wote huo? Ilikuwa palepale, ndani ya kila kitu isipokuwa hidrojeni ya kawaida, lakini vyombo vya wakati ule havikuwa na njia ya kuiona. Chembe yenye chaji ikipita hewani huzing'oa elektroni za atomi zilizo njiani mwake na kuacha alama inayoweza kupimwa kwa umeme. Nyutroni hupita bila kumgusa mtu. Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alishabashiri mwaka 1920 kwamba huenda ipo chembe nzito isiyo na chaji, na mwanafunzi wake James Chadwick aliitafuta miaka mingi katika maabara ya Cavendish, pale Cambridge, asiione.

Fununu ya kwanza ilitoka Ujerumani. Mwaka 1930 Walther Bothe na Herbert Becker waliipiga metali nyepesi ya berili kwa chembe za alfa, yaani viini vya heli, zinazotoka kwenye poloniamu, na ikatoka mionzi yenye kupenya sana. Wakaichukulia kuwa ni mionzi ya gama, yaani mionzi kama ya mwanga, isiyo na uzito wala chaji, lakini yenye nishati kubwa zaidi. Mwanzoni mwa 1932, Paris, Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot wakaweka kipande cha nta ya parafini mbele ya mionzi hiyo, na protoni zikachomoka ndani ya nta kwa kasi kubwa. Nao pia wakasema ni gama. Habari ilipofika Cambridge, Rutherford na Chadwick hawakuikubali.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu alichokifanya Chadwick ninyi nyote mnaweza kukifuata kwa hesabu mliyo nayo. Alichukua kisahani kilichopakwa poloniamu, akakiweka karibu na kipande cha berili ndani ya kichombo kilichonyonywa hewa, na mbele yake, sentimita 3 hivi, akaweka chombo cha kuhesabia chembe. Chombo kikahesabu karibu chembe 4 kwa dakika. Akaweka bamba la metali ya risasi la unene wa sentimita 2 katikati. Hesabu ikabaki karibu ileile! Akaondoa risasi, akaweka nta ya milimita 2 tu. Hesabu ikapanda sana. Kitu kinachopita kwenye risasi kana kwamba haipo, kilipokutana na nta, ambayo imejaa hidrojeni, kilitoa protoni kwa wingi.

Je, inaweza kuwa gama? Ili gama iirushe protoni kwa kasi iliyopimwa, ilihitaji nishati ya MeV 50 hivi. Ili iirushe nitrojeni kwa kasi iliyopimwa, ilihitaji MeV 90. Chembe ya alfa iliyoanzisha mambo yote ilikuwa na MeV 5.3 tu. Hesabu haikubali, na tena mionzi ileile haiwezi kuwa na nishati mbili.

Sasa chukulieni kwamba ni chembe yenye uzito. Mnajua mchezo wa goroli: goroli ikiipiga nyingine ya uzito sawa katikati kabisa, yenyewe husimama na ile nyingine huondoka na kasi yote, ikiipiga kubwa zaidi, ile kubwa husogea polepole. Protoni za hidrojeni ziliruka kwa kasi ya hadi kilomita 33,000 kwa sekunde. Viini vya nitrojeni, ambavyo ni vizito mara 14, viliruka kwa kilomita 4,700. Gawanyeni, mtapata 7 na kidogo. Kwa kanuni za mgongano, jawabu hilo ni sawa na tungamo la chembe tusiyoijua jumlisha 14, kugawanywa kwa tungamo hilohilo jumlisha 1. Tafuteni tungamo hilo, mtaona linakuja 1.16. Chadwick alipata takriban 1.15, akajua vipimo vyake vingeweza kupotoka kwa asilimia 10 hivi. Kwa maneno mengine, chembe yenye uzito kama wa protoni, isiyo na chaji. Barua yake kwa jarida la Nature ina tarehe ya 17 Februari 1932, na mwaka 1935 akapewa tuzo ya Nobel. Kila mwaka namfanyisha hesabu hii mwanafunzi kwenye ubao, na kila mwaka napenda kuuona uso wake anapoifikia ile 1.16.

Nimesema haina chaji. Inafaa niseme vizuri zaidi: jumla ya chaji yake ni sifuri. Mwaka 1940 Luis Alvarez na Felix Bloch, nchini Marekani, walipima nguvu ya usumaku wa nyutroni, wakaikuta ipo wazi kabisa. Usumaku hutokana na chaji inayozunguka, kwa hiyo ndani ya nyutroni lazima kuwe na chaji zinazofutana. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba protoni na nyutroni zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi, kwaki, na majaribio yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Stanford yakazithibitisha. Kwaki ya juu ina chaji ya theluthi mbili chanya, kwaki ya chini ina theluthi moja hasi. Protoni ni juu mbili na chini moja, jumla 1. Nyutroni ni juu moja na chini mbili, jumla sifuri.

Na kuna jambo hapa ambalo huwashangaza hata watu wazima. Jumlisheni tungamo la zile kwaki tatu za nyutroni: linafika kama MeV 12. Nyutroni nzima ni 939. Zilizobaki zimetoka wapi? Ni nishati: mwendo wa kwaki na nguvu ya gluoni zinazozifunga. Basi mtu akipanda mizani, karibu asilimia 99 ya anachokisoma ni nishati iliyofungiwa ndani ya protoni na nyutroni zake.

Turudi kwenye 1.293. Kwaki ya chini ni nzito kidogo kuliko ya juu, na nyutroni ina mbili za chini, ndiyo maana imeizidi protoni. Ziada hiyo ni chini ya asilimia 0.14. Ingekuwa ndogo zaidi, tuseme chini ya MeV 0.511 ambayo ni tungamo la elektroni, basi protoni ya hidrojeni ingeweza kuimeza elektroni yake na kugeuka nyutroni. Hidrojeni isingedumu, na maji yasingekuwapo. Kwa vile ziada ni kubwa kuliko hapo, mambo yako kinyume: nyutroni ndiyo inayogeuka. Ikiachwa peke yake, nje ya kiini, huishi kwa wastani wa dakika 15 hivi, kisha hugeuka protoni, ikatoa elektroni na chembe nyingine nyepesi mno iitwayo antinyutrino. Hiyo ya mwisho Wolfgang Pauli aliibashiri mwaka 1930, kwa sababu hesabu ya nishati ilikuwa haifungi bila yake, na ilikamatwa mwaka 1956 tu, na Clyde Cowan na Frederick Reines, kando ya kinu cha nyuklia cha Savannah River.

Mwanafunzi makini atauliza hapa: kama nyutroni hufa kwa dakika 15, mbona sisi hatuozi? Swali zuri sana, na jibu lake liko kwenye hesabu ndogo. Nyutroni huru ikigeuka huachilia MeV 0.782. Sasa tazameni kiini chepesi kuliko vyote chenye nyutroni, cha hidrojeni nzito: protoni moja na nyutroni moja, zimefungamana kwa MeV 2.22. Nyutroni hiyo ikigeuka protoni, protoni mbili peke yake haziwezi kukaa pamoja, kwa hiyo ule mfungamano wote utapotea. Unapata 0.782, unapoteza 2.22. Haiwezekani, nishati haitoshi. Nyutroni inabaki nyutroni, na si kwa muda.

Hidrojeni nzito ipo baharini hapa. Katika kila atomi 6,400 hivi za hidrojeni ya maji ya bahari, moja ni nzito. Na karibu yote iliundwa katika dakika za mwanzo za ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, wakati nyutroni zilipokuwa zikikimbizana na kifo chao. Zilizowahi kushikana na protoni zimepona mpaka leo. Nyingi kati yake zilikwenda kwenye heli, na kwa sababu hiyo karibu robo ya tungamo la gesi ya mwanzo ya ulimwengu ilikuwa heli.

Viini vikubwa vinaihitaji nyutroni kwa sababu nyingine. Protoni husukumana. Kani inayovifunga viini ina nguvu nyingi lakini haifiki mbali, na msukumo wa chaji hufika mbali. Kwa hiyo kadiri kiini kinavyokua, ndivyo kinavyohitaji chembe zinazoongeza mfungamano bila kuongeza msukumo. Heli ina protoni 2 na nyutroni 2. Chuma cha kawaida, 26 kwa 30. Dhahabu, 79 kwa 118. Mama aliyevaa bangili ya dhahabu, sehemu kubwa ya uzito mkononi mwake ni nyutroni.

Na kwa kuwa haisukumwi na kiini, nyutroni huingia hata ikiwa inakwenda polepole. Protoni ikikikaribia kiini hurudishwa, nyutroni hukaribishwa. Enrico Fermi na wenzake, Roma, waligundua Oktoba 1934 kwamba nyutroni zilizopitishwa kwenye nta zinafanya kazi vizuri zaidi kuliko za kasi. Walikuwa wameshaona jambo la ajabu: majaribio juu ya meza ya mbao yalitoa matokeo makubwa kuliko juu ya meza ya marumaru. Sababu ni hidrojeni ya kwenye mbao. Nyutroni hugongana na chembe za uzito wake, hupunguza kasi, na zikipungua kasi hunaswa kwa urahisi zaidi.

Kutokana na kunaswa huko tunapata kobalti-60. Kobalti ya kawaida huwekwa ndani ya kinu cha nyuklia, kila kiini kinachonasa nyutroni moja kinakuwa cha isotopu mpya, yenye nusu uhai, yaani muda ambao nusu ya viini vyake hugeuka, ya miaka 5.27, itoayo gama kali. Mashine za kobalti zimewatibu wagonjwa wa saratani duniani kote, ikiwemo hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini siwezi kusema hilo nikanyamaza juu ya upande wa pili. Desemba 1938, Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliona kiini cha urani kimepasuka kwa nyutroni. Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch wakaeleza kilichotokea. Kila mpasuko huachia nyutroni 2 au 3, ambazo nazo hupasua viini vingine. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji Wakongo ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Hiroshima iliangamizwa tarehe 6 Agosti 1945. Anayefundisha nyutroni awafundishe watoto na hilo, waijue historia yote.

Ipo sehemu nyingine ambako nyutroni hazifi: ndani ya nyota iliyoanguka ndani yake yenyewe. Nyota kubwa ikimaliza nishati yake, kitovu chake hubanwa mpaka elektroni zinasukumwa ndani ya protoni, na kinachobaki ni mpira wa nyutroni wenye kipenyo cha kilomita 20 hivi, ukiwa na tungamo kubwa kuliko la jua letu. Walter Baade na Fritz Zwicky waliliwazia jambo hili miaka miwili tu baada ya ugunduzi wa Chadwick. Na uchunguzi wake umepitia kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, na satelaiti ikapewa jina Uhuru. Mwaka uliofuata ikaona chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kikipwita kila baada ya sekunde 4.8: nyota ya nyutroni, inanyonya gesi ya nyota jirani, na gesi inapoiangukia inachemka mpaka inatoa eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002. Inaniuma kwamba wapo watoto waliokulia mwendo wa matatu kutoka pale ambao hawajawahi kuambiwa habari hii.

Nyota mbili za aina hiyo zilipogongana, na sisi tukapata ishara yake tarehe 17 Agosti 2017, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, mwanga uliofuata ulionyesha elementi nzito zikiundwa kwa kunasa nyutroni kwa kasi kubwa. Huko ndiko inakotoka angalau sehemu ya dhahabu yetu.

Nimalizie na jambo ambalo halijatatuliwa. Nilisema nyutroni huru huishi dakika 15 hivi. Nilisema "hivi" makusudi. Kuna njia mbili za kupima. Ya kwanza, unazipoza nyutroni mpaka ziende mita chache tu kwa sekunde, unazifungia ndani ya chombo kwa sumaku na mvutano wa dunia, unangoja, kisha unahesabu zilizobaki. Maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 2021, walipata sekunde 877.75, na shaka yao haifiki nusu sekunde. Ya pili, unapitisha mkondo wa nyutroni na kuhesabu protoni zinazozaliwa njiani. Kipimo cha maabara ya viwango ya Marekani, mwaka 2013, kilitoa sekunde 887.7, na shaka ya sekunde 2 na kidogo. Tofauti ni karibu sekunde 10, na haielezeki kwa shaka hizo.

Ama mmojawapo ana kosa lililojificha ndani ya vyombo vyake, na wengi wanaamini hivyo, nami nikiwa mmoja wao. Ama kuna nyutroni chache zinazotoweka bila kuacha protoni, zikageuka kitu tusichokijua. Hizo zingekosekana ndani ya chombo na zisingehesabika kwenye mkondo, na tofauti ingekwenda upande huuhuu tunaouona. Huko Japani, kwenye maabara ya J-PARC, wanapima kwa njia ya tatu, wakihesabu elektroni. Zile sekunde 10 zina uzito kwa sababu ile heli ya mwanzo wa ulimwengu huhesabiwa kwa umri wa nyutroni. Mtoto wa kidato cha tatu aliyeketi hapa leo anaweza kufika chuo kikuu suala hili likiwa bado wazi, na kazi yenyewe inataka subira na hesabu safi kuliko kitu kingine.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Bwana mwenyekiti, naona mikono imeshainuliwa kule nyuma.